Kitaa cha Hita

Salaseini alikuwa ameipata balbu ile ya dashibodi ya teksi yake kwa shida. Ilikuwa ndogo kama punje ya hindi, na bhai, Mhindi mwenye duka la vipuri pale Lautoka, Fiji, alikuwa ameisaka kwenye makopo yake mpaka jasho likamtoka. "Ni ya mwisho, dada," alimwambia. "Ukiipoteza, tunasubiri meli."

Aliporudi stendi ya teksi akaifungua karatasi amwoneshe Vilikesa, dereva mwenzake. Hapo ndipo alipokosea, maana Vilikesa alikuwa mtani wake. Watu wa kisiwani kwao Salaseini na watu wa milimani kwao Vilikesa wana utani wa tangu enzi za mababu. Mmoja akikipenda kitu cha mwenzake anakichukua tu, na aliyechukuliwa anatakiwa acheke. Akinuna, amekitia aibu kijiji kizima.

"Aaa, mtani, umeniletea zawadi!" Vilikesa akaidaka balbu na kuitia mfuko wa shati. "Dashibodi yangu nayo ina giza. Nyie wa kisiwani taa za nini? Si mnaendesha kwa kunusa samaki?"

Madereva wakaangua kicheko. Salaseini akacheka nao, ingawa moyo ulikuwa umemlipuka paa. "Haya chukua, mla popo we. Labda utaiona sura yako ukanyoe hizo ndevu." Alitaka kumvuta pembeni amweleze, lakini mama mmoja alishajitosa na magunia yake kwenye teksi ya Vilikesa, anataka kwenda mji wa Ba. Mtani akaondoka huku akipiga honi.

Asilolijua Vilikesa ni kwamba leo ilikuwa siku ya mwisho ya ukaguzi. Gari la Salaseini lilishaanguka ukaguzi mara moja kwa sababu taa ya saa ya spidi ilikuwa haiwaki. Likianguka tena, kibali kinafutwa, na shemeji yake, ndugu wa marehemu mumewe, alikuwa ameshapata mnunuzi wa gari. "Teksi si kazi ya mjane," alisema mbele ya ukoo mzima, bila haya. Wakati mumewe anaumwa, nani alikuwa akiliendesha gari hilo usiku na mchana? Shemeji? Thubutu!

Akarudi mbio kwa bhai, lakini bhai akatikisa kichwa tu. Basi akaingia ndani ya gari, akashika usukani, akalia. Alipomaliza kulia akapandwa na hasira, na hasira ikamfaa kuliko machozi. Akatoa bisibisi kwenye droo. Angalau aione hiyo balbu mfu iliyomponza.

Alifungua skrubu za juu, akaivuta fremu taratibu isije ikavunjika meno, akapitisha mkono nyuma ya saa ya spidi. Akakizungusha kishikio kidogo, kikatoka. Balbu ilikuwa imeungua, kioo cheusi tititi. Alipoinua uso apanguse jasho, macho yakatua kwenye vitufe vya hita, ile ya kupasha gari joto.

Hita! Gari lilitoka Japani, kwenye theluji, likaja Fiji na hita yake. Nani mwenye akili zake aliyewahi kuwasha hita Lautoka? Iliwashwa mara moja tu, kwa bahati mbaya, na marehemu alikaribia kuruka nje gari likiwa linatembea. Lakini nyuma ya vitufe vile kulikuwa na kitaa, na kila usiku kiliwaka, kikimulika kitu asichokihitaji mtu yeyote.

"Toka huko, mvivu mkubwa," Salaseini alikiambia.

Kishikio ni kile kile, balbu ni ile ile! Akaihamishia kwenye saa ya spidi, akawasha taa. Giza. Akapitisha tena mkono nyuma, akakikaza kishikio mpaka mwisho, na namba zote za spidi zikawaka kijani. Alipiga kelele za furaha mpaka muuza chapati wa ng'ambo ya barabara akaangusha upawa.

Alifika kwenye ukaguzi wakiwa wanakaribia kufunga. Mkaguzi alikuwa mzee mkavu, asiyejua kuonesha meno. Akajaribu breki, akajaribu honi, akaikinga dashibodi kwa kiganja na kuona mwanga. Kisha kidole kikahamia pembeni. "Na hapa mbona giza?"

Salaseini akapeleka mkono kwenye vitufe. "Hiyo ni hita, bwana mkaguzi. Nikuwashie?"

Mkaguzi, shati limemganda mgongoni, alimkazia macho. Halafu mabega yakaanza kumcheza. "Ukithubutu nakuangusha," alisema huku akicheka, akaenda kuchukua stika akaibandika kwenye kioo.

Stendi alimkuta Vilikesa yuko wa kwanza kwenye foleni, amenywea, balbu iko kiganjani. Wenzake walikuwa wameshamwambia. "Pole, mtani, sikujua kama ukaguzi ni leo. Shika balbu yako. Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Tangu lini utani ukaombwa msamaha?" Salaseini akamwonesha stika mpya. "Baki nayo, nimekupa."

Wakati huo familia moja ilikuwa inakuja na masanduku, inauliza teksi ya kwenda mbali, mpaka Suva, mji mkuu. Hiyo ndiyo safari ambayo kila dereva pale huiombea kanisani. Salaseini akasogeza gari lake, akalipachika mbele ya lile la Vilikesa.

"Mtani," alisema, "nimeipenda nafasi yako. Naichukua."

Stendi nzima ikalipuka kwa kicheko. Vilikesa akajipiga paja na kucheka mpaka machozi, maana angefanya nini? Mwenyewe akabeba masanduku ya watu na kuyapakia kwenye buti la Salaseini.

Giza liliwakuta njiani, kabla ya mji wa Sigatoka. Salaseini akawasha taa, na namba zikang'aa mbele yake, mshale umetulia pale anapoutaka. Nyumba ya shemeji yake ilikuwa kandokando ya barabara. Alipoikaribia akapunguza mwendo, akabonyeza honi, na hakuiachia mpaka shemeji alipotoka barazani ameshikilia sulu yake, ile shuka ya kiunoni, akalitazama gari likipita.