Meza ya Dirishani

Meza ilikuwa dirishani. Mkunga mstaafu aliachia begi likaanguka, akabaki kasimama mlangoni kama mtu aliyekosea nyumba.

Kijumba kile cha kisiwani alikijenga babu yake, fundi seremala, kwa mbao zilizobaki kazini: vyumba viwili, jiko, na meza nzito ajabu. Baba alipokirithi aliiweka meza ukutani, jirani na jiko, na hapo ndipo watoto wake wawili, mkunga na mdogo wake, walipokula likizo zote za utoto wao, wakipigana mateke chini kwa chini. Ukubwani wakagombana kweli. Baba alipofariki, dada alitaka kiongezwe chumba cha wajukuu. Mdogo wake akaapa hautagongwa hata msumari mmoja. Wakatoleana maneno ya kuumiza. Tangu hapo mdogo huja kwanza na familia yake, dada baadaye na ya kwake, wasikutane hata gatini. Na kila mwaka dada huikuta meza ukutani, akaikokota hadi dirishani huku akimsema. Mwaka unaofuata yule mbishi keshairudisha. Ugomvi gani huo, jamani! Lakini ndizo salamu pekee walizobakiwa nazo.

Leo, familia yake ikiwa bado njiani, ameshinda, na wala hakufurahi.

"Mdogo wangu hakuja mwaka huu?" alimuuliza jirani anayewatunzia funguo.

"Alikuja, dada. Ila amekonda, ngazi zenyewe anapanda kwa kupumzika. Aliikuta meza pale ulipoiacha. Akaivuta, ikamshinda, akaketi. Wanawe walipotaka kumsaidia akawakataza. 'Iacheni,' akasema, 'dada naye mgongo unamsumbua.'"

Jirani alipoondoka, mkunga aliketi pale mezani akalia. Alilia kwa hasira, kwa huruma, na kwa aibu ya miaka yote ile. Kisha akachukua simu.

"Nani kakwambia uiache meza dirishani?" alifoka.

Kikohozi. "Si ndivyo unavyotaka, dada?"

"Sitaki! Njoo uirudishe."

"Nguvu sina."

"Kwani nani kasema utaivuta peke yako?"

Alimsikia akivuta kamasi, vilevile kama alivyokuwa akifanya utotoni akijikaza asilie. Mkunga akaibana simu sikioni, akangoja.

"Siku hizi," mdogo wake aliuliza hatimaye, "boti ya mwisho inaondoka saa ngapi?"