Kuku wa Kimo Kimoja

Shingo ya kuku mdogo haihitaji nguvu, inahitaji uamuzi. Unashika miguu kwa mkono mmoja, unapitisha vidole viwili nyuma ya kichwa, unavuta na kukunja kwa mkupuo mmoja. Ukisitasita, unamtesa. Mkunga hakusitasita. Tangu kulipopambazuka alikuwa amepiga magoti kwenye maranda yaliyoloa kinyesi, na kando yake beseni la kufulia la mkewe lilikuwa linajaa maiti.

Hilo jina la Mkunga alipewa kwa utani. Vifaranga walipoletwa kwenye maboksi, yeye ndiye aliyewapokea, akachovya mdomo wa kila mmoja kwenye maji ili ajue kinywaji kiko wapi. Dume zima, kifua kama mlango, linawasemesha vifaranga: "Kunywa baba, kunywa, hivyo hivyo." Wenzake wakasema, basi huyu si mtunza kuku, huyu mkunga. Leo mkunga alikuwa anawaua aliowapokea, na utani wa kulifaa jambo hilo haukupatikana.

"Vile vidogo vyote viondoke kabla ya Bwana Mizani kufika," Tajiri alikuwa ameagiza. "Nataka banda liwe kama tofali za kiwandani. Ukimuona mmoja umewaona wote."

Tajiri alikuwa mwenye banda, basi. Vifaranga, chakula na dawa ni vya kampuni, na kampuni ilikuwa na machinjio yenye mashine isiyo na subira. Kuku wananing'inizwa miguu juu, wanapita mbele ya kisu kinachozunguka, na kisu kimetegwa kwa kimo kimoja. Aliye mkubwa mno kinamchana kifua. Aliye mdogo kinampita juu kwa juu, naye anaendelea na safari mpaka kwenye maji ya moto, anatumbukizwa yu hai, macho wazi. Kampuni haikuona haya kwa hilo. Iliona hasara, maana kuku wa namna hiyo hutoka mwekundu na mteja humkataa. Kwa hiyo sharti likawa moja: kuku walingane uzito. Wasipolingana, vifaranga wengine hawaletwi. Banda likikaa tupu mtunzaji hana kazi, na asiye na kazi hana chumba. Chumba cha Mkunga kilikuwa ubavuni mwa banda lenyewe, kikichangia ukuta na kuku. Humo ndimo alimolala na mkewe na watoto.

Sasa kwa nini kuku hawakulingana? Aliyejua sababu alikuwa amevaa viatu vya kung'aa. Tajiri alihamisha safu nzima ya vyombo vya chakula akaipeleka kwenye banda lake jipya, halafu akaomba vifaranga zaidi ya wale ambao banda linaweza kuwabeba. Chakula kikimwagwa, wenye mabavu wanajipanga mbele na wanyonge wanapanda migongo ya wenzao, wanarushwa chini, wanakanyagwa. Watu husema kuku hana adabu. Binadamu naye mpunguzieni sahani, tuone adabu yake.

"Nilikwambia, bosi," Mkunga alisema bila kuinua kichwa. "Vyombo havitoshi."

"Uliniambia kama nani?"

"Kama mtu anayelala nao ukuta mmoja."

"Basi ua, jirani."

Bwana Mizani, mpimaji wa kampuni, alifika na lori la wakamataji wa kuku nyuma yake. Alikuwa kijana mwembamba, mpole wa sauti, buti zake amezivisha mifuko ya plastiki. Akatandaza uzio wa waya kwenye kona, akawazingira kuku waliokuwamo, akawaning'iniza mmoja mmoja kwenye kimizani kinachojipigia hesabu chenyewe. Alipomaliza akatikisa kichwa.

"Bado, mzee. Wengi wako nje ya wastani."

Tajiri akacheka, meno tu. "Nje vipi? Wadogo wametoka wote."

"Wametoka kweli. Ndiyo maana wastani umepanda. Waliokuwa wa kati, sasa ndio wadogo."

Mkewe Mkunga, aliyekuwa mlangoni na mtoto mgongoni akisubiri beseni lake, akaguna. "Alaa. Kumbe ukiua wa mwisho, kuna mwingine anakuwa wa mwisho."

Ukweli ukitoka kwa mwanamke anayesubiri beseni, watu huona ni kelele.

"Rudia," Tajiri akamwambia Mkunga. "Upesi. Lori linasubiri."

Awamu hii haikuwa kama ile ya kwanza. Hawa walikuwa kuku wazima, wana nyama, wana kucha. Walimparura Mkunga mikono mpaka kwenye kiwiko. Mabawa yakampiga usoni, vumbi la maranda likamjaa mdomoni, damu yake na yao ikachanganyika, na kila shingo sasa ilidai nguvu ambayo hakutaka kuitoa. Tajiri akaona anachelewa. Akachukua mpini wa jembe ulioegemea ukuta, akaingia katikati ya kuku, akaanza kupiga kushoto na kulia kama mtu anayepura maharage.

Alivunja mgongo mmoja, akavunja mguu wa mwingine. Banda zima likapiga yowe. Kuku wakakimbilia kona ya mbali, wakapandana, safu juu ya safu, wa chini wakaanza kukosa pumzi.

Mkunga aliruka akaudaka mpini.

"Bosi, unawabananisha. Watakufa wote."

Tajiri akamnasa kofi. Lilikuwa kofi la mtu ambaye hajawahi kurudishiwa, lilitua sikioni na kulia kuliko kuku. Wakamataji wakageuka kutazama. Nyapara wao, jitu fupi lenye shingo nene, akacheka. "Mkunga, pole. Kesho utawanyonyesha."

Mkono wa Mkunga ukakunjika ngumi wenyewe. Akageuza macho, akamwona mkewe mlangoni. Mkewe alitazama ukuta wa chumba chao, kisha akamtazama yeye, akatikisa kichwa kidogo. Mkunga akauachia mpini. Akapiga magoti tena, akanyoosha mkono, akashika miguu ya aliyevunjwa mgongo, akammaliza. Halafu mwingine. Halafu mwingine.

Bwana Mizani alikuwa amegeukia dirisha. Kijana alikuwa na malezi mema, hapendi kutazama watu wakigombana.

Alipopima tena, kimizani kikamridhia. "Sasa wamelingana," akasema, na Tajiri akafuta jasho kwa leso iliyopigwa pasi.

Wakamataji wakaingia. Mkamataji hachukui kuku, anazoa. Wengi kwa mguu mmoja mmoja, vichwa chini, kiganja kimejaa, anawatupa kwenye kreti, anafunga. Kilichobaki nje kinabanwa, kiwe bawa, kiwe kichwa. Mifupa ya kuku aliyenoneshwa haraka haijakomaa, basi ilikuwa inakatika kama vijiti vya kuwashia moto, huku vijana wakiimba. Tusiwalaumu sana. Mtu anayelipwa kwa kreti hana muda wa kuomba radhi.

Lori lilipokuwa linajaa, Bwana Mizani akasimama mbele ya beseni. Lilikuwa limefurika, na pembeni yake palikuwa na lundo.

"Mzee, hapa pana tatizo. Vifo vimevuka kiwango. Kampuni itauliza wamekufa na nini."

Tajiri hakufikiri hata kidogo. Kamba hukatikia pabovu, naye alijua pabovu ni wapi.

"Uzembe wa mtunzaji," akasema. "Hawapi maji, halali nao, nimevumilia sana. Namfukuza leo, hapa hapa mbele yako."

Bwana Mizani akafikiri kidogo. "Sawa. Hilo linaeleweka."

Mkewe Mkunga akaja. Hakukimbia. Aliinua beseni, mtoto akiwa bado mgongoni, akalimwaga miguuni pa Bwana Mizani. Kuku wakateleza juu ya buti zake zilizovishwa plastiki.

"Mwanangu, wewe umesoma," akasema. "Wapime na hawa. Tazama shingo. Mmoja baada ya mwingine, zimevunjika pale pale. Kiu gani hiyo inayovunja shingo?"

Bwana Mizani akatazama chini. Aliona. Aliona vizuri sana, uso wote ukamwiva. Katika lundo lile mmoja alikuwa bado anafungua na kufumba mdomo, na Mkunga akainama kwa mazoea, akammaliza. Kijana akachomoa buti taratibu, moja, kisha ya pili.

"Washeni lori," akamwita dereva. "Kuku watakufa na joto."

Tajiri hakungoja vumbi la gari dogo la Bwana Mizani litue. "Mtoke chumbani. Kwanza mfagie banda, maranda yote nje, mpake chokaa. Vifaranga wanakuja."

Nyapara, kwa kujipendekeza tu, akaingia chumbani mwao akatoka anaburuta godoro. Akaliburuta juu ya kinyesi, juu ya damu, akipiga mluzi. Sasa ukuta wa kuulinda haukuwapo tena. Mkunga akampiga ngumi ya mdomo. Nyapara akaketi chini, akatema jino kiganjani, akalitazama kama chenji pungufu. Wenzake wakaanza kushuka kwenye lori, lakini dereva alishaondoa breki, wakachagua lori. Nyapara akalikimbilia akiziba mdomo.

Mkunga akakung'uta godoro. Mkewe akabeba sufuria, ndoo na lile beseni. Watoto wakabeba walichoweza.

"Hamjafagia," Tajiri akapaza sauti. "Hey, hamwondoki bila kufagia."

Waliendelea kutembea. Ndani ya banda, kwenye kona ya mbali, lile lundo la kuku waliobananishwa lilikuwa limebaki pale pale. Wakamataji walilikagua, wakaona wengi wamevunjika na hawafai kreti, wakaliacha. Wa juu walikuwa bado wanapumua.

Walikuwa wamefika barabarani waliposikia mpini wa Tajiri. Pigo, halafu yowe, halafu pigo jingine, halafu yowe lile lile la kuku yule yule.

Mkunga akasimama.

"Hajui kuua," akasema. "Anawatesa."

"Najua."

"Ningewamaliza mara moja. Si kazi."

"Ukirudi," mkewe akasema, "utafagia."

Pigo likasikika tena, na kuku hakunyamaza. Mkunga alisimama katikati ya njia, mikono imeparurwa, vidole vimejikunja vyenyewe. Kisha akalikunja godoro likawa maradufu, akalipandisha kichwani, akalivuta chini kwa mikono miwili mpaka likamziba masikio, akaendelea na safari.