Vidole Viwili vya Milimita

Saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi mashine ya kukata kwa maji ilikuwa inapasua bamba la chuma nene kama kiganja, na Mama Stoo alikuwa anakoroga chai. Maji ya mashine na ya chai yalitoka bomba moja. Tofauti ni kwamba ya mashine yalikamuliwa na pampu mpaka yakakasirika, yakapenyezwa kwenye tundu jembamba kama unywele, yakachanganywa na mchanga mwekundu mgumu, kisha yakapita kwenye chuma kama wembe kwenye sabuni. Hayachomi, hayaachi masizi. Ndiyo maana karakana ile ilikata kila kitu: gia, marumaru za kaunta, vioo, na, bila kutia mchanga, mipira ya kuzibia mabomba.

Opereta wake walimwita Milimita, kwa sababu hata mkate nyumbani aliukata kwa rula. Alikuwa amemwomba Bosi mara tatu aondoe ile sumaku. Mlango wa mashine ukifunguliwa, maji hujizima yenyewe. Lakini Bosi aliona kufungua na kufunga ni madoido, akabandika sumaku kwenye swichi ya mlango, na mashine ikaamini kwamba mlango umefungwa siku zote.

"Toa vipande huku inakata," alisema. "Wewe ni fundi au bibi harusi?"

Asubuhi hiyo Milimita alitoa vipande huku inakata, na maji yakaondoka na vidole viwili vya mkono wa kulia. Mkato ulikuwa safi. Bosi mwenyewe aliusifu.

Kesho yake kila bamba lilianza kudondosha vidole viwili ambavyo havikuwa kwenye mchoro. Bamba la chuma lilitoa vya chuma, la marumaru vya marumaru. Vilikuwa na kucha, mistari, na kovu dogo kwenye kimoja. Ukivitupa sakafuni vilijigeuza taratibu, vikaelekea kwenye sumaku, hata vile vya kioo.

"Vya Milimita hivi," alisema Mama Stoo, akiviandika kwenye daftari, safu ya mabaki. "Kovu lile alikatwa na bati, nilikuwepo."

Bosi alikipima kimoja mkononi. "Wateja watavipenda. Vya kutundikia funguo."

Mkaguzi wa usalama kazini alikuja Ijumaa, kalamu tatu mfukoni. Milimita alifika na mkewe, mkono umefungwa bandeji. Alitaka jambo moja tu: neno uzembe lisiandikwe kwenye fomu ya ajali. Opereta aliyeandikiwa uzembe hashiki mashine tena, si hapo wala kwingine.

"Mheshimiwa, wewe tazama tu hivi vidole vinaelekea wapi," alisema mke.

Mkaguzi alitazama. Alivipiga picha pia.

"Kazi nzuri sana hii, dada."

Bosi akampa jozi ya vidole vya marumaru nyeusi, ya kukandamizia karatasi. Mkaguzi aliiweka juu ya fomu. Vidole vikajigeuza kuelekea sumaku, vikaiburuta fomu pamoja navyo. Akaizuia kwa mkono wa kushoto isitembee, na kwa mkono wa kulia akaandika: uzembe wa opereta.

"Hati yako inapendeza," mke alimwambia. "Kumbe vidole kumi vinasaidia."

Mkaguzi akashukuru.

Milimita alirudishwa kama mfagiaji. Kazi yake ikawa kuokota vidole vyake mwenyewe na kuvipanga kwenye kreti, na alivipanga kwa rula. Kila alipofunika kreti, ndani vilisikika vikigeuka. Mashine akapewa shemeji yake Bosi, mtu wa mashati mazuri, ambaye hakuwa na muda wa kuuliza habari za sumaku.

Siku ya kumi na moja shemeji alitoa vipande huku inakata. Asubuhi iliyofuata mabamba yakadondosha vidole vitatu vitatu. Cha tatu kilikuwa gumba, kinene, kilichotunzwa vizuri.

"Ukoo unaongezeka," alisema Mama Stoo, akachora safu mpya kwenye daftari.

Milimita alikipeleka kile kidole gumba ofisini kwa Bosi. Akakiweka mezani, kikajigeuza, kikaelekea mlangoni, upande wa mashine na sumaku yake.

"Bosi, sasa ni vitatu."

Bosi alikitazama kwa makini, akakuna kidevu.

"Kreti itatosha?"

"Haitatosha."

"Basi chukua kubwa," alisema Bosi. "Na ukitoka, huo mlango wa mashine uache wazi."