Kipande cha Katikati

Kitabu kilikuwa kimoja na wasomaji tulikuwa watano. Basi mimi, fundi wa kujalidi, nikakipasua vipande vitatu, nikakishonea kila kipande jalada lake, vikawa vinazunguka. Sheria yetu ni moja tu: aliyetangulia kusoma hasimulii ya mbele.

Riwaya yenyewe ni ya kizamani, ya mizimu: jumba kubwa lenye giza, upepo usiokoma, na mjane anayemwandalia marehemu mumewe sahani mezani kila siku. Jumamosi tulikutana karakanani kwangu tutoe maoni. Fundi gereji ndiye aliyeanza, na mdomo wake huo hauna breki.

"Mzimu gani huu? Kurasa zote hizo haujatisha hata paka! Na huyo mama naye, si kachanganyikiwa tu?"

Tukacheka. Nesi akasema tucheke tu, yeye alilala taa inawaka. Mwalimu akadai kinachotisha ni lile jumba, mzimu ni kisingizio, akaeleza na kueleza mpaka tukapiga miayo.

Shemeji yangu hakuja. Tulipomzika mdogo wangu, mkewe, mimi ndiye niliyemvuta kundini achukue nafasi yake, asije akaozea ndani. Sasa alikuwa amekikalia kipande cha katikati wiki kadhaa, na wenzake hawana pa kuendelea.

"Shemeji yako anatuchezea," fundi gereji akanichokoza.

Damu ikanichemka. Nikawatimua wote, nikafunga karakana, nikaenda moja kwa moja kwake. Njia nzima napanga maneno ya kumpa.

"Shemeji, hivi wewe una nini? Watu wana..."

Nikaishia hapo. Mezani palikuwa na sahani mbili, zote zimepakuliwa, na ndani ya nyumba hamna mtu mwingine. Nikavuta kiti nikae, akanidaka mkono.

"Hapo hapana, shemeji. Hapo ni pake."

Kando ya sahani ya shemeji kile kipande kilikuwa wazi, ukurasa wa mwisho, pale yule mume anapoingia, anakaa mezani, na mkewe anamtazama. Ndipo mkasi wangu ulipokikata kitabu. Hasira zote zikaniishia, nikabaki na uchungu mtupu.

"Nikikirudisha nitapewa cha mwisho," akasema. "Nakiogopa. Wewe umeshakisoma. Niambie, anarudi tena?"

Sheria ile, potelea mbali. Ningeweza kumdanganya, na Mungu anajua nilitaka. Lakini nilimwangalia alivyokonda, shati linamning'inia, chakula chake mwenyewe hajakigusa.

"Harudi, shemeji. Hata ile mara moja, mama wa watu alikuwa anaota. Mwishoni anakula peke yake."

Akaigeukia ile sahani ya pili. Nikadhani hajanisikia.

"Anashiba?"

"Hawakuandika."

Akatikisa kichwa polepole. Kisha akakivuta kile kiti kwa mkono wake mwenyewe, akanionyesha nikae.

"Basi kula wewe. Kinapoa."

Nikakaa, nikala chakula cha mdogo wangu. Hakikuwa na chumvi, wala sikuiomba. Shemeji akaanza kulia kwa sauti, kilio ambacho hata makaburini hakukitoa, na mimi nikawa nameza matonge pamoja na machozi mpaka sahani ikawa tupu.