Vipande vya Bakuli

Shati lilikuwa jeupe, na alama ya pasi ilikuwa na rangi ya chai, mgongoni, chini kidogo ya kola. Nilisinzia nimesimama. Tangu alfajiri nilikuwa napiga pasi, miguu imevimba mpaka kandambili zinabana.

"Likunje, hapo palipoungua paende ndani," alisema mwenzangu, tunayemwita Redio. "Akifika kwake atadhani kaliunguza mwenyewe."

"Analivaa kesho kwenye usaili."

"Si atavaa na koti! Mdogo wangu, mama kashakuonya mara mbili. Ya tatu utafungashwa virago."

Mama ndivyo tunavyomwita mwenye duka la dobi. Alikuwa kaunta anapokea nguo. Nikalikunja. Likakaa vizuri, huwezi kujua.

Nilipokuwa na miaka saba nilivunja bakuli tuliloazima kwa jirani, nikasema ni paka. Bibi hakunichapa. Aliokota vipande, akavipanga kwenye sinia, akanitwisha.

"Peleka. Ukifika useme nani kavunja."

"Na paka je, bibi?"

"Paka hana kichwa cha kubebea sinia."

Nilipita mbele ya wenzangu wote waliokuwa wanaruka kamba. Siku ile nilimchukia bibi, na sina hakika kama niliacha.

Mwenye shati alikuja jioni, mtu mzima, viatu vyake vya zamani vimeng'arishwa. Mama akampa shati. Alishageuka kuondoka. Mimi hata salamu huwa naitikia kwa kichwa, lakini nilitoka kule nyuma, nikamwomba lile shati, nikalikunjua juu ya kaunta.

"Nimeliunguza mimi."

Aliitazama ile alama.

"Ndilo hili hili nililonalo," alisema polepole.

Mama alimtafutia jingine, lililosahauliwa pale zaidi ya mwaka. Mikono ilimzidi kidogo. Alishukuru, akaenda. Kisha mama akaniletea mkoba wangu, akauweka pale kaunta.

Redio alinifuata mlangoni. "Huo mdomo wako, siku zote umefungwa, leo ndiyo unafunguka! Utakulaza njaa."

"Bibi alishanizoesha kubeba sinia."

Alicheka, kisha akaacha, akarudi kwenye pasi yangu. Kapu la nguo lilikuwa bado limejaa.

Niliketi kwenye ngazi, nikavua kandambili. Tangu asubuhi nilikuwa sijakaa.