Mtaro wa Sokoni na Maji ya Mlimani

Twaiba alikuwa akiuza leso katika soko la Kidundani, mji mdogo ulioko kando ya barabara kuu ukishaipita Msambweni. Wenzake wa sokoni walimchagua awe msemaji wao kwa kuwa hakuwa na haya ya kusimama mbele za watu. Mambo ya bajeti hakuyajua, wala hakudai kuyajua. Alichokijua ni kwamba kila masika maji yaliteremka kutoka barabarani yakaingia sokoni, yakatuama, yakanuka, na yeye akashinda miguu mitupu huku leso zake amezirundika juu ya meza kama mtu anayehama.

Basi gari la manispaa lilipopita na kipaza sauti, soko zima lilinyamaza kulisikiliza. Mwaka ujao wa fedha, likasema, mji utapata mradi mmoja mkubwa, na wananchi wenyewe ndio watakaouchagua. Nambari moja ni mtaro wa sokoni. Nambari mbili ni bomba la maji la mtaa wa Mlimani.

Chirau, mchuuzi wa samaki aliyekuwa mwenyekiti wa soko, aliacha samaki wake juani akazunguka meza kwa meza akifundisha watu. "Ukisikia moja, mkono juu. Ukisikia jingine lolote, mikono mapajani. Mmeelewa?"

Walielewa. Huko Mlimani nako, bila shaka, kulikuwa na mtu akifundisha mbili.

Siku ya kikao ukumbi ulijaa hadi madirishani. Watu wa sokoni walikaa upande wa kulia, wa Mlimani upande wa kushoto, na katikati pakaachwa njia ambayo hakuna aliyeivuka. Msemaji wa Mlimani alikuwa Dama, mama mtu mzima mwenye sauti ya chini. Twaiba alimwamkia shikamoo kwa mbali, naye akaitikia marahaba kwa mbali vilevile.

Afisa wa bajeti aliitwa Luqman. Alikuwa kijana mpole, mwenye adabu, lakini alipofungua kinywa maneno yake yalitoka yamevaa suti.

"Ndugu wananchi, ningependa ieleweke kwamba sote tunafanya kazi chini ya dari ya bajeti."

Twaiba akatazama juu. Aliona mabati matupu na mbao zake. "Dari gani?" akamnong'oneza Chirau.

"Nyamaza," Chirau akamjibu. "Labda wanataka kuitia."

Zamu yake ilipofika Twaiba alisimama akaueleza ule uvundo wa masika hadi watu wa nyuma wakaziba pua. Kisha Dama akasimama. Alisema kisima chao kina chumvi, na kwamba mkwewe aliyejifungua juzi anamwogesha mtoto kwa maji yanayomwasha ngozi. Alikuwa akisema taratibu, kama anayemsimulia mtu mmoja. Twaiba alisikia nusu tu, kwa sababu moyoni alikuwa akirudia: moja, moja, moja.

Luqman akakunjua karatasi kubwa akaibandika ukutani, mbali, yenye maandishi ambayo aliyekaa mstari wa kwanza aliyaona kwa shida. "Kwa kuzingatia mpangilio wa sekta kama ulivyopitishwa, sekta ya maji inaitangulia miundombinu ya biashara, na miradi yetu itafuata utaratibu huo. Tuko pamoja?"

Watu wakapiga makofi, kwa kuwa alikuwa amemaliza.

"Wanaounga mkono nambari moja?"

Upande wa kulia mikono ikapaa kama moto umewashwa chini ya viti. Luqman akakunja uso kidogo. Akamtazama Twaiba. "Mama Twaiba, mna hakika?"

"Hakika kabisa!" Twaiba akajibu, na akauongeza mkono wa pili.

"Nambari mbili?"

Wa Mlimani wakanyoosha yao. Sokoni walikuwa wengi zaidi, na hapakuhitajika kuhesabu. Luqman alipotangaza kwamba nambari moja imepita, vigelegele vilitoka hadi barabarani. Chirau alitoka nje akicheza na kofia yake mkononi. Jambo lililomshangaza Twaiba ni upande wa kushoto: hawakununa. Walikuwa wakitazamana tu, kama watu walioamshwa usingizini.

Luqman akaja kumpa mkono. "Mmetufunza uungwana leo, mama yangu. Watu mnaogelea sokoni, halafu mnawapa wenzenu maji!"

"Wenzetu gani?" Twaiba akauliza.

Luqman akaionyesha ile karatasi. Twaiba akasogea, akasogea tena, mpaka pua ikakaribia ukuta. Nambari moja: bomba la maji, Mlimani. Nambari mbili: mtaro, sokoni. Akarudi nyuma, akasoma upya, akidhani pengine ni macho. Nje, watu wake walikuwa bado wanaimba.

Namna alivyowaambia hakuikumbuka vizuri baadaye. Alikumbuka tu wimbo ulivyokatika, na Chirau akivaa kofia yake polepole.

"Wewe ulikuwa umekaa mbele!" Chirau akamfokea.

"Nawe ulikuwa umekaa wapi? Si ubavuni pangu?"

"Mimi nilifuata gari!"

"Na mimi je, nilifuata nani?"

Wakarudi kwa Luqman. Yeye naye alikuwa amechanganyikiwa kuliko wao, kwani hakujua gari lilikuwa limetangaza nini. Mwishowe akasema kwamba wakiandika malalamiko na kuyatia saini kabla ya wiki kwisha, uchaguzi utarudiwa.

Kesho yake asubuhi, kabla malalamiko hayajaandikwa, Dama aliingia sokoni amebeba kuku kwapani. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye meza ya leso.

"Mwanangu Twaiba, nimekuja kukushukuru. Wewe na wenzako mmetufanyia jambo ambalo ndugu wa tumbo moja hawafanyiani." Alisema kwa sauti kubwa, si ile ya ukumbini, na machozi yalikuwa yakimlengalenga. Akamweka kuku mezani.

Twaiba akasogeza leso zake zisichafuliwe na kuku. Angesema nini? Kwamba walikosea? Mbele ya mama huyu, mbele ya soko zima? "Ahsante, mama," akasema, na papo hapo akaona hilo ndilo neno baya kuliko yote aliyoweza kuyasema.

Dama alipoondoka Chirau alikuja akasimama mbele ya meza. Akamtazama kuku, akamtazama Twaiba. "Kuku wa nini huyu?"

"Wa shukrani."

"Shukrani ya nini, ikiwa tulikosea?"

Twaiba akaanza kukunja leso iliyokwisha kukunjwa, naye Chirau akaondoka akiamini kwamba kuku yule ni wa kumnunua. Mchana huo wauzaji wawili walipita mezani pake bila kumsalimu.

Alasiri akamkamata kuku akapanda Mlimani kumrudisha. Dama alimkaribisha uani, akamkalisha mkekani, akamletea chai. Twaiba aliionja akaishusha. Sukari ilikuwa nyingi, lakini chumvi ilikuwa chini yake, haijifichi. Ndani ya nyumba mtoto alikuwa akilia kilio kile cha kuwashwa.

"Mama," Twaiba akasema, "shukrani zako si zetu. Tulikosea nambari. Sisi tulitaka mtaro."

Alitazamia mshangao. Dama alikuwa akizungusha kikombe chake tu.

"Najua," akasema. "Mikono ilipokwisha kushuka ndipo nilipoisoma ile karatasi, na niliposikia vigelegele vyenu nikajua. Kwani sisi unadhani tulinyoosha mkono kwa nini? Tuliambiwa mbili, tukanyoosha mbili. Tumewachagulia mtaro, nyinyi mkatuchagulia maji."

Twaiba akabaki akimkodolea macho. "Kama ulijua, ya kuku ilikuwa nini?"

"Nilijiambia, nikimshukuru mbele za watu ataona haya kulalamika." Dama akainamisha kichwa. "Lakini pia nilikuwa nashukuru kweli, mwanangu. Maji yanakuja, nisishukuru? Mpaka sasa sijui ni lipi lililonipeleka zaidi."

Twaiba alijaribu kukasirika. Hasira ilikuja nusu njia ikarudi. Akasema ni lazima apeleke malalamiko, maana alitumwa mtaro. Dama hakumsihi. Ila kuku, Dama alikataa kumpokea, akisema kitu alichotoa hakirudi kwake, kwa nia yoyote iliyokitoa. Ikawa Twaiba ameteremka mji mzima na kuku yuleyule kwapani, na kila aliyemwona alikisia lake.

Alitia saini wa kwanza. Chirau akatia ya pili, kisha akamwomba radhi kwa maneno machache yasiyokamilika. Siku kadhaa baadaye uchaguzi ulirudiwa, na safari hii Luqman alileta picha, mtaro upande mmoja na bomba upande wa pili, akaacha kutaja nambari na sekta. Kila mtu alielewa. Upande wa kulia ukanyoosha mkono kwa mtaro, Twaiba akiwa miongoni mwao, na mkono wake ulikuwa mzito kama wa mtu mwingine. Mtaro ukapita.

Hakuna aliyepiga kigelegele.

Mlangoni alikutana na Dama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ulitumwa, mwanangu, na umefika."

Twaiba alilichukua neno hilo hadi nyumbani akiligeuza huku na huku, asijue kama lilikuwa msamaha au lawama. Walikuwa wameshinda kwa haki. Hakuna aliyedanganywa. Basi mbona alijiona kama aliyemnyang'anya mtu kikombe mdomoni?

Wiki ile aliwaomba wenzake wawaachie wanawake wa Mlimani wateke bure kwenye mfereji wa maji safi wa sokoni hadi watakapopata bomba lao. Chirau alisema haiwezekani, kwani mfereji ni wa soko na tayari pana msongamano. Twaiba alisimama akaliomba tena, na tena, hadi wengine wakamwambia Chirau anyamaze wapate kwenda kula.

Kazi ya mtaro ilipoanza, wanawake wa Mlimani walikuwa wakivuka ubao uliotandikwa juu ya shimo na madumu mikononi. Asubuhi moja Dama alikuja mwenyewe, kwa kuwa mkwewe alikuwa na homa. Akateka, akajitwisha dumu moja, akabaki analitazama la pili.

"Mwakani tutaomba nini, mama?" Twaiba akamuuliza.

"Mimi maji. Wewe je?"

Twaiba alifikiri. Mwanga wa soko ulikuwa hafifu, choo kilikuwa kibovu, na wenzake walishaanza kubishana. "Sijui," akasema kwa kweli. Akamwomba jirani amwangalizie leso zake, akachukua dumu la pili, wakapanda Mlimani pamoja wakizungumza habari za mtoto.