Hina ya Bi Mwanamkisi

Kitendawili! Nimezaliwa naye, kanilisha ujana wangu wote, na siku niliyoulizwa mimi ni nani, akanikana mbele za watu. Usiniambie ni mume. Mume huzaliwi naye. Umeshindwa? Basi nipe mji nikupe jawabu: ni kidole. Kama huamini, muulize Bi Mwanamkisi wa Mbwajumali.

Siku hiyo wazee walikuwa wameitwa ofisi ya chifu kuhakikiwa, serikali ijue nani yu hai na nani amekwenda zake. Asiyetambuliwa na mashine, jina lake lafutwa. Na kwa Bi Mwanamkisi, zile pesa serikali iwapazo wazee ndizo dawa yake ya presha, na ndizo nauli ya boti ya kuifuata dawa yenyewe mjini Amu.

Akaweka kidole gumba, taa ikawaka nyekundu. Cha shahada, nyekundu. Hesbon, afisa kijana kutoka bara, akamfuta vidole kwa kitambaa, akamwomba ajaribu cha kati. Nyekundu. Ndipo akaigeuza ile mikono akaiona ilivyochovywa hina, nyeusi hadi kwenye mafundo ya vidole.

"Mama, hii hina imeziba alama zote."

"Mjukuu wangu Lubna kaolewa juzi," akasema Bi Mwanamkisi. "Ulitaka niende harusini na mikono mitupu kama mwenye kijicho?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka, maana alikuwa ameonywa. Kabla ya harusi aliletewa maneno: asitie hina vidoleni, watu wa mashine waja. Maneno yalikuwa mema, ila yalitoka kwa Thuwaiba. Huyo Thuwaiba aliletwa kutoka Shela awe mke wa Bwanamkuu, akaachwa, na Bwanamkuu akamwoa Mwanamkisi hata eda ya mwenzake haijesha. Tangu hapo wawili hao hawakusemezana, hata siku mume alipozikwa. Basi Bi Mwanamkisi akaona ni husuda hiyo, akaamuru apakwe hina mara mbili.

Nje, nahodha Shuaib, aliyemleta Hesbon, akaita kwamba maji yatoka, boti itakwama matopeni. Hesbon akatazama saa. Akasema kanuni yamruhusu jambo moja tu: mzee aliyekwisha kutambuliwa, asiye wa ukoo wake, amdhamini kwa kidole chake.

Mikono ikainuka tele. Huyu binamu, yule shemeji, huyu walinyonya ziwa moja. Hesbon akajipangusa jasho, akauliza kama kijiji kizima ni nyumba moja.

"Nani hapa si ndugu wa mama huyu, na anamjua?"

Macho yote yakaenda pembeni alikokaa Thuwaiba, ambaye kidole chake kilishapita, naye akijifunga buibui aondoke. Bi Mwanamkisi alitaka kusema neno. Amwombe kwa kinywa kipi? Akaificha mikono ndani ya mtandio.

Shuaib akaita tena. Hesbon akarudia swali lake kwa sauti ya chini, mkono juu ya kifuniko cha mashine.

Thuwaiba akainuka, akapita mbele ya Bi Mwanamkisi bila kumtazama, kama aelekeaye mlangoni. Penye meza akasimama. Akanyoosha kidole chake kitupu, taa ikawaka kijani.

"Mimi namyua," akasema. "Ndiye aliyenitwalia mume, na nilimwambia asitie hina. Andika, mwanangu. Ni yeye."